Kushuka Ziwani, Kupanda Nyumbani: Njia za Miguu za Matai na Ukingo wa Ufipa

Uwanda wa juu wa Ufipa ni ardhi iliyobaki juu wakati pande zake mbili zikididimia. Upande wa magharibi ulizama ukalibeba Ziwa Tanganyika, upande wa mashariki ukazama na kulibeba Ziwa Rukwa, na katikati ukasalia uwanda wa nyasi ulioinuka kati ya mita 1,500 na 2,000 kutoka usawa wa bahari, huku vilele vya Mbizi vikipita hapo. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 773 tu. Kina chake kikubwa kabisa ni mita 1,470, kwa hiyo sakafu yake imelala karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari. Anayesimama ukingoni mwa uwanda juu ya Kasanga anaona sehemu moja tu ya genge lenyewe. Sehemu nyingine iko chini ya maji.

Hali hiyo inageuza utaratibu wa kawaida wa safari za milimani. Maziwa ya Bujuku na Kitandara katika Ruwenzori, au Ziwa Michaelson katika Mlima Kenya, humtaka mtu apande siku kadhaa ndipo ayafikie, na akishayaona safari yake ni ya kushuka. Hata Ziwa Ngozi la Mbeya, lililo ndani ya kreta, hutanguliza kilima na kumalizia kwa mteremko. Kwa mtu wa Ufipa ziwa liko chini. Asubuhi anaondoka nyumbani na baridi yake, anashuka karibu mita elfu moja akivua sweta na koti njiani, anaoga, anakula samaki, kisha anakumbuka kwamba nyumbani ni juu. Jasho la safari hulipwa wakati wa kurudi, na wageni wengi hulifahamu jambo hilo wakiwa wamekwisha kufika ufukweni.

Kituo cha kuanzia upande huu ni Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, iliyomegwa kutoka Sumbawanga Vijijini mwaka 2012. Kutoka Sumbawanga ni mwendo wa kilomita 50 hivi, na kutoka Matai hadi bandari ya Kasanga ni kiasi cha 60 nyingine. Barabara yote, kilomita 112, imewekwa lami. Matai yenyewe haina cha kumshangaza mtu wa mandhari: stendi, maduka ya mabati na pembejeo, magunia ya mahindi, nyumba za wageni, ofisi za halmashauri, na bodaboda zinazosubiri abiria kila kona. Ziwa halionekani. Hata hivyo, mji huu una faida ambayo Kasanga haina. Uko kwenye njia panda, tawi moja likienda Kasanga ziwani na jingine Kasesya kwenye mpaka wa Zambia, na vijia vya kuelekea Mto Kalambo vinaanzia kwenye vijiji vilivyo kati ya matawi hayo mawili. Mtu mwenye miguu mizuri na begi dogo hahitaji kituo kingine.

Kabla ya njia zenyewe, ni vizuri kujua zilikotoka. Hakuna njia hata moja kati ya zitakazotajwa hapa iliyochongwa kwa ajili ya mtalii. Ni njia za kazi. Walungu wa ufukweni na Wamambwe na Wafipa wa juu wamekuwa wakibadilishana mazao tangu zamani: dagaa na migebuka hupanda, mahindi, maharage na ulezi hushuka. Njia za namna hiyo zina akili yake. Hazitafuti mahali penye mandhari nzuri; zinatafuta mteremko ambao mama mwenye ndoo ya dagaa kichwani anaweza kuumudu bila kuweka mzigo chini kila hatua kumi. Ndiyo maana mara nyingi hupita kwenye migongo ya vilima badala ya mabondeni, na huzunguka mwamba badala ya kuukwea. Mgeni akiona kijia kinakwenda moja kwa moja kwenye genge, ajue hicho ni cha mbuzi.

Lami ya Kasanga imezipunguzia kazi baadhi ya njia hizo. Mzigo uliokuwa ukipanda kichwani leo unapanda kwenye Fuso, na kijia kisichokanyagwa misimu miwili hufunikwa na nyasi ndefu kuliko mtu. Kwa hiyo ramani ya zamani, au hata maelezo ya mzee aliyekuwa akipita pale ujanani, si ushahidi wa kutosha kwamba njia ingalipo. Swali la kumuuliza mwenyeji ni nani amepita huko wiki hii.

Njia iliyo na mengi kuliko zote ni ya Kalambo. Kutoka Matai msafiri huelekea kusini-magharibi hadi vijiji vya kata ya Kisumba, na mwisho Kapozwa, kijiji kilicho jirani na maporomoko. Sehemu hii ya kwanza inapitika kwa gari au bodaboda, na ukweli ni kwamba kuitembea yote kwa miguu ni ukaidi zaidi kuliko safari: ardhi ni tambarare, jua halina kizuizi, na magari machache yapitayo huacha vumbi la kutosha. Wenye busara hupanda bodaboda hadi Kapozwa na kuihifadhi miguu kwa ajili ya bondeni.

Hata hivyo, anayetembea hupata jambo moja ambalo wa bodaboda hulikosa, nalo ni mashamba. Ufipa haina miti mingi juu ya uwanda, na wakulima wake hawakuwa na misitu ya kukata na kuchoma kama majirani zao wa miombo. Wakabuni matuta ya duara, yanayoitwa intumba. Mwishoni mwa mvua nyasi hukusanywa, hufunikwa kwa udongo uliopinduliwa, na kuachwa zioze ndani ya tuta. Juu yake hupandwa mazao kama maharage, na msimu unaofuata tuta husambazwa shambani, mbolea yake ikauhudumia ulezi au mahindi. Anayepita mwezi Machi au Aprili anaweza kuona mteremko mzima umejaa matuta hayo. Mahali pengine karibu na vijiji vya zamani hukutwa mabaki ya malungu, tanuri ndefu za udongo zilizozidi kimo cha mtu, ambamo Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma bila mivukuto. Hewa ilivutwa na urefu wa tanuri lenyewe kupitia matundu ya chini. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuri dogo, kintengwe, na hilo ndilo lililotumia mivukuto. Majembe ya Ufipa yalitokana na kazi hiyo, hadi majembe ya dukani yalipoiua katika nusu ya kwanza ya karne ya 20.

Maporomoko ya Kalambo husikika kabla ya kuonekana, hasa kati ya Februari na Mei. Mto Kalambo, ambao hapa ndio mpaka wa Tanzania na Zambia, hauna upana wa kutisha. Juu ya maporomoko mtu anaweza kuudharau. Kisha ardhi inakatika. Maji huanguka mara moja, bila kugusa ngazi ya mwamba njiani, kwa mita 221 kwa vipimo vinavyotajwa zaidi, ingawa upande wa Tanzania hutajwa pia 235. Tofauti hiyo isimsumbue mtu. Hata kipimo kidogo ni zaidi ya mara mbili ya Maporomoko ya Victoria, yenye mita 108, na Kalambo huhesabiwa kuwa ya pili barani kwa maji yaangukayo bila kukatizwa, baada ya Tugela ya Afrika Kusini. Kinachokosekana ni upana. Mwezi Oktoba mto hupungua ukawa uzi mweupe ambao upepo huupeperusha kabla haujafika chini, na aliyesafiri kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya picha moja atarudi na malalamiko.

Lakini Oktoba hiyo hiyo, na miezi ya kiangazi inayoitangulia, ndiyo ya makongoti, wale ndege wakubwa wenye kipara na mfuko wa ngozi shingoni ambao watu wa mjini huwaona jalalani. Hapa hutaga kwenye vibao vya mwamba wa genge, mahali ambapo hakuna nyani wala binadamu awezaye kufika. Kumwona kongoti jalalani na kumwona akielea juu ya korongo la Kalambo, mabawa yamekunjuka na yeye hata hayapigi, ni kama kuona ndege wawili wasiojuana. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ndege hao wanastahili safari kuliko maji yenyewe.

Eneo liko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, na mgeni hulipa kiingilio kabla ya kuingia. Upande wa Tanzania zimejengwa ngazi za kumshusha mtu kuelekea bondeni, na wengi huishia hapo: wanashuka, wanapiga picha, wanapanda wakihema. Ukingo wa juu hauna huruma. Mwamba ulio karibu na maji huota ukoka laini na utelezi, na katika miezi ya mvua hatua moja ya mbele zaidi kwa ajili ya picha haina marekebisho. Viatu vyenye meno ni vya lazima. Kandambili zibaki kwenye begi hadi ziwani.

Juu kidogo ya maporomoko mto unapita katika bonde pana lililowahi kuwa la maji yaliyotuama. Mwaka 1953 mwanaakiolojia J. Desmond Clark alipaona mahali hapo na akaanza uchimbaji uliomchukua miaka. Tabaka za mchanga na matope zilihifadhi zana za mawe za zama mbalimbali, na pia kitu ambacho ni nadra katika akiolojia ya Afrika: mbao. Kwa kawaida mti huoza, lakini hapa maji yaliyojaa ardhini yaliuzuia usioze. Mwaka 2019 timu iliyoongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool ilirudi kuchimba, na Septemba 2023 matokeo yalichapishwa: magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa kwa pengo lililokatwa makusudi, moja juu ya jingine, yenye umri wa takriban miaka 476,000. Umri huo ni mkubwa kuliko mabaki ya kale zaidi ya binadamu wa aina yetu, yaliyopatikana Morocco na yanayokadiriwa kuwa na miaka 300,000 hivi. Yaani kabla hatujakuwepo sisi, kuna aliyekuwa ameketi kando ya mto huu akiunganisha mti na mti, labda akitengeneza jukwaa la kukaa juu ya matope. Uchimbaji umefanyika upande wa Zambia, na msafiri wa Matai hawezi kuvuka mto tu kwenda kutazama. Kivuko cha halali cha kuingia Zambia kwa njia hii ni Kasesya. Isitoshe, hakuna cha kutazama. Mashimo hufukiwa, na magogo hayawekwi juani. Ila kulijua jambo hilo hubadilisha namna mtu anavyolitazama bonde, ambalo kwa jicho tupu ni matete na ng'ombe.

Chini ya maporomoko mto huingia katika korongo lenye urefu wa kilomita 5 hivi na kina kinachofika mita 300, kisha hufunguka ziwani. Ndani ya korongo hapatembeki. Kijia cha kushuka ziwani hufuata mabega ya vilima upande wa kaskazini, ndani ya miombo, na kumwacha msafiri na sauti ya mto upande wake wa kushoto bila kuuona kwa muda mrefu. Hii ndiyo sehemu ya safari isiyo na mfano wake katika uwanda. Juu kulikuwa na upepo na nyasi fupi. Hapa pana miyombo na mitundu, kivuli chenye madoadoa, mawe yanayobiringika chini ya soli, na joto linaloongezeka kadiri mtu anavyoshuka hadi ufukweni. Kushuka kutoka Kapozwa hadi Kasanga ni kazi ya nusu siku kwa mtu aliyezoea, na ya siku nzima kwa asiyezoea. Ziwa hujitokeza ghafla kati ya miti, si mbele bali chini, na ng'ambo yake ya magharibi, hewa ikiwa safi, kuna milima.

Magoti ndiyo yanayolipa. Mteremko mrefu huumiza kuliko mlima mrefu, na fimbo mbili za mti mgumu, zilizokatwa Kapozwa, zina thamani kuliko viatu vya bei. Wenyeji hawashuki kwa kuweka kisigino kwanza. Hupinda goti, hupiga hatua fupi za haraka, na huuacha mwili uende na mteremko. Anayejaribu kujizuia kila hatua atakuwa na mapaja yanayotetemeka kabla ya nusu ya njia.

Hapa ndipo panapofaa kusema ni upande gani wa kuanzia. Desturi ya wageni ni kushuka, kwa sababu ndivyo barabara inavyowaleta. Ushauri wa makala haya ni kinyume chake: lala Kasanga, anza alfajiri, panda. Genge la Tanganyika linatazama magharibi, kwa hiyo asubuhi lote liko kivulini. Jua huchelewa kuvuka uwanda na kuufikia mteremko. Anayeondoka ziwani saa kumi na mbili hupata saa kadhaa za kupanda bila jua usoni, na anapotoka juu kwenye nyasi upepo wa Ufipa unampokea. Anayeshuka asubuhi na kupanda jioni hupanda ukuta ambao umekuwa ukipikwa tangu mchana, jua la magharibi likimpiga mgongoni. Wachuuzi wa samaki wanalijua hilo bila kufundishwa, na ndiyo maana anayeshuka asubuhi hukutana nao wakiwa tayari nusu ya njia wanapanda.

Kasanga ni bandari ya mwisho ya Tanzania upande wa kusini wa ziwa. Wajerumani waliiita Bismarckburg na kujenga ngome ya mawe juu ya kilima kinachochomoza majini. Kuta zake zilizobomoka zingali pale, na kuzipanda ni mwendo mfupi wa kuchangamsha miguu usiku wa kuamkia safari. Ngome hiyo ina kisa kimoja cha aibu katika Vita Kuu ya Kwanza. Juni 1916 jeshi la Waingereza liliizingira kwa nchi kavu, na boti za kamanda Spicer-Simson, zilizokuwa zimevutwa kutoka kusini mwa bara kupitia Kongo hadi ziwani, zilitakiwa kufunga njia ya maji. Kamanda akaitazama mizinga ya ngome, akaiogopa, akaondoka. Wajerumani na askari wao wakatoroka usiku kwa mitumbwi. Ikasimuliwa baadaye kwamba sehemu ya mizinga hiyo ilikuwa ya mbao.

Meli iliyokuwa tegemeo la Wajerumani ziwani, Graf von Götzen, ilizamishwa na wenyewe mwezi uliofuata karibu na Kigoma, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini Mei 1927 kwa jina la Liemba. Kwa miongo mingi ilipita Kasanga ikienda na kurudi Mpulungu nchini Zambia, na kwa wasafiri wa miguu ilikuwa mlango: mtu alishuka kwa mtumbwi mdogo gizani na kuianza njia ya Kalambo kulipokucha. Kutokea Mpulungu bado kuna wanaoletwa kwa boti hadi karibu na mdomo wa mto, upande wa Zambia, wakapanda maporomoko kutoka chini. Hiyo ni njia fupi na kali, na inathibitisha kwamba maporomoko haya yanafaa kufikiwa kutoka ziwani.

Ufukweni kutoka Kasanga kwenda kusini kuna kijia cha kwenda Kipwa, karibu na mpaka, na kwenda kaskazini kuna cha kuelekea Samazi. Hizi ni safari za siku moja zisizohitaji maelezo mengi. Maji yako upande mmoja, genge upande mwingine, na baina yake kamba nyembamba ya ardhi yenye mihogo, miembe na nyumba. Mahali mwamba unapoingia majini njia hupanda na kushuka tena, mara nyingine kwa mikono na miguu, na wenyeji wengi huona ni ujinga kutembea mahali ambapo kuna mtumbwi. Miaka ya mvua kubwa tangu 2020 iliinua ziwa na kufunika sehemu ya fukwe zilizokuwa njia, kwa hiyo pale penye mchanga kwenye picha za zamani huenda leo pakawa na maji ya kiunoni. Si pa kuvuka kwa kubahatisha. Mamba wapo, na karibu na makazi maji tulivu yana kichocho.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, siku za giza. Mwezi unapokaribia kujaa taa hazina nguvu, wavuvi hupumzika na kushona nyavu, na vichanja vya kukaushia huwa vitupu. Msafiri anayetaka kuona ufukwe ukiwa kazini afuate kalenda ya mwezi. Afuate pia kalenda ya Serikali: mwaka 2024 uvuvi katika ziwa zima upande wa Tanzania ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Miezi hiyo ndiyo bora kwa miguu, na kipindi kama hicho humkuta mgeni akila maharage mbele ya ziwa lenye aina zaidi ya 200 za samaki.

Upande wa mashariki wa uwanda ni habari nyingine. Juu ya Sumbawanga imesimama milima ya Mbizi, yenye msitu wa ukungu uliobaki vipande vipande kwenye mabonde, na ndani yake mbega wekundu ambao hawapatikani sehemu nyingi za Tanzania. Kutoka Sumbawanga hadi kwenye nyasi za juu ni matembezi ya asubuhi moja. Huko upepo ni mkali, hakuna cha kujificha nyuma yake, na upeo unafika mbali. Baada ya mvua nyasi hizo huwa na okidi nyingi, ambazo viazi vyake huchimbwa na kuvushwa kwenda Zambia kutengenezea chikanda. Biashara hiyo imeyavua maua maeneo mengi ya Nyanda za Juu Kusini, na atakayeyakuta yakichanua ayaache.

Baada ya vilele ardhi hukatika tena, safari hii kuelekea Ziwa Rukwa. Wenyeji huliita genge hilo Lyamba lya Mfipa. Barabara ya Ntendo kwenda Muze hulishuka kwa kona nyingi, na vijia vya miguu huzikata kona hizo. Chini kuna joto, mpunga, na ziwa lenye chumvi kidogo na kina kifupi, ambalo ukingo wake husogea mbele na nyuma kwa kilomita nzima kutegemea mvua. Kwa mandhari ya juu, Rukwa inaishinda Tanganyika, kwa sababu bonde lote linaonekana kwa mara moja. Kwa kufika, haifai: mtu akishashuka, ziwa bado liko mbali ng'ambo ya tope na matete. Genge hili linatazama mashariki, kwa hiyo kanuni ya kivuli inageuka. Anayepanda kutoka Muze asubuhi huchomwa na jua tangu linapochomoza. Kivuli huja alasiri.

Kati ya magenge hayo mawili uwanda wenyewe una ufa. Ufa wa Kanda unapita ukiambaa na uwanda kutoka kusini-mashariki kwenda kaskazini-magharibi, na Sumbawanga iko kando yake. Mahali pengi unaonekana kama ngazi moja ndefu ya ardhi, upande mmoja umeinuka kuliko mwingine, mstari ukinyooka kupita ilivyo kawaida ya vilima. Vijia vingi huufuata kwa sababu chini yake hutoka chemchemi. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa ya Afrika katika karne ya 20, na wanajiolojia wanauhusisha ufa huu nalo. Ardhi iliyolizamisha Ziwa Tanganyika haijamaliza kazi yake.

Kuhusu msimu, mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, na katika miezi hiyo vijia vya genge ni mifereji. Juni na Julai ni kavu lakini usiku wa Matai na Sumbawanga una baridi ya kweli. Blanketi moja la nyumba ya wageni halitoshi. Kuanzia Agosti nyasi huchomwa kila upande, moshi hulifunika ziwa, na mtu anaweza kusimama ukingoni asione chochote isipokuwa weupe. Mwezi wa kuchagua ni Mei: mto bado umejaa, njia zimekauka, hewa imeoshwa na mvua zilizopita.

Maji ya kunywa yabebwe tangu mwanzo, lita tatu kwa mtu kwa siku ya kupanda, kwa kuwa kati ya ufukwe na uwanda vijito vingi hukauka baada ya Julai. Nyoka wapo kwenye miombo, akiwemo swila, na koboko pia; fimbo itangulie mguu penye nyasi. Mgeni aripoti kwa mtendaji wa kijiji kabla ya kuteremka, maana hapa ni mpakani, na mtu asiyejulikana mwenye begi na kamera kando ya Mto Kalambo atahojiwa, na ni haki ahojiwe. Kitambulisho kibebwe, kwa raia wa nje, pasipoti.

Kiongozi wa njia apatikane kijijini, Kapozwa au Kasanga, si Sumbawanga. Kijana wa Sumbawanga anaweza kuijua Kalambo kwa gari. Wa Kapozwa ameishuka akiwa na debe kichwani. Malipo yasemwe kabla ya hatua ya kwanza, yahesabiwe kwa siku na si kwa safari, na yajumlishe siku yake ya kurudi, kwa sababu yeye naye, mkifika mwisho, ana mteremko mzima wa kupanda au kushuka kwenda kwake.